Viatu Vilivyotazama Mlango

Kwa miaka thelathini na moja viatu vya Mzee vililala karibu na mlango, ncha zikitazama nje. Mzee alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na mkewe hakuhitaji kuuliza anaondoka lini. Akiviona tu vimegeuzwa hivyo, alijua alfajiri kitanda kitabaki na mtu mmoja. Na siku ya kurudi, Mzee alipiga honi kwenye kona ya duka la mkate, naye mama akabandika maji ya kuoga. Mapenzi yao mengi yalipita hapo, kati ya viatu na honi.

Mama naye hakukaa bure. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne, nao walimpachika jina la Mama Sufuria, likamganda mpaka kwenye kadi ya kumuaga alipostaafu.

Mzee naye alipostaafu, watoto wakawapa zawadi: siku sita ndani ya boti ya injini, visiwa vitano, abiria kumi na wawili, na chumba kidogo chenye vitanda viwili vilivyopandana.

"Mkajuane upya," alisema kitinda mimba wao, akacheka.

Lakini ni huyo huyo kitinda mimba aliyempigia mama yake simu siku mbili kabla ya safari, akilia. Likizo ya uzazi inakwisha, mume yuko mbali kikazi, na zamu za uuguzi hazijali kichanga. Mama, njoo ukae nami, mwaka mmoja tu. Binti alikuwa na chumba na sebule tu. Nafasi ya bibi ilikuwepo, ya babu hakuna.

"Nitakuja, mwanangu," Mama Sufuria alijibu kabla hata hajavuta pumzi. Simu ilipokatika ndipo alipomkumbuka Mzee. Alikuwa uani, akipaka rangi benchi alilolipigilia mwenyewe. Benchi la watu wawili.

Akajiapiza: nitamwambia kisiwa cha kwanza.

Kisiwa cha kwanza Mzee alivua soksi, akakanyaga mchanga kwa mguu mmoja, akashtuka kama mtoto. "Huku hakuna klachi wala breki!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Angeanzia wapi?

Kisiwa cha pili mvua iliwafungia chini ya turubai la boti. Mzee alimsogelea.

"Mpishi wangu, tumeoana miaka thelathini na minne. Lakini ukijumlisha siku tulizokaa pamoja, hatujafika hata kumi. Sisi bado ni maharusi."

"Maharusi wenye magoti mabovu," mama akajibu, akageuza uso kutazama mvua.

Kisiwa cha tatu mpishi wa boti alishikwa na homa, akalala. Mama Sufuria akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni, na mikono ikaanza kufanya yale iliyoyazoea. Akili yake ilikuwa kwa binti yake na kile kichanga. Alipozinduka, wali ulikuwa umeinua mfuniko wa sufuria ya kwanza, na ya pili, na beseni la kuoshea vyombo lilikuwa limejaa maharage.

Nahodha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akachungulia. "Mama, tunalisha kambi ya jeshi?"

Ikabidi waite wapagazi wote wa gatini. Mzee alivaa aproni, akawapakulia mmoja mmoja, akiwatania wenye sahani kubwa. Walipoondoka, akaegemea ukuta, jasho likimtoka, ana furaha.

"Mikono yako haijui kupima. Nyumbani tutakuwa wawili tu, mke wangu. Itabidi ujifunze kupunguza."

Mama aliweka mwiko chini.

"Hatutakuwa wawili."

Akamweleza yote, pale pale, akiwa amesimama. Mzee alisikiliza akiuzungusha uzi wa aproni kidoleni.

"Mwaka?"

"Mwaka."

"Ulimjibu lini?"

"Kabla hatujaondoka."

Mzee alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Ubavuni mwa boti yalining'inizwa matairi makuukuu ya kuikinga isigonge gati. Mama alimwona akizunguka, akilipiga kila tairi teke, moja baada ya jingine, kama alivyofanya miaka yote kabla ya safari.

Kisiwa cha nne hakikuwa na maneno. Chakula? Sawa. Tushuke? Sawa. Mama angependa hata ugomvi. Usiku huo akaamua: kesho, kisiwa cha mwisho, ambako mtandao unashika, atampigia binti yake amwambie haiwezekani. Alilala na simu kifuani.

Asubuhi aliamka kitanda cha juu kikiwa kitupu. Akashusha miguu kutafuta viatu vyake chini ya kitanda alipoviacha. Havikuwepo. Akainama kupapasa, mkono ukakutana na viatu vya Mzee, vimesukumwa ndani kabisa, visigino mlangoni, ncha ukutani.

Akainua macho. Viatu vyake vilikuwa karibu na mlango, vimefutwa vumbi, ncha zikitazama nje.

Alivitazama kitambo. Kisha akasikia harufu ya kuungua.

Jikoni Mzee alikuwa peku, ameinamia sufuria ndogo, macho yakimtoka machozi ya moshi. Ndani yake kulikuwa na wali wa mtu mmoja, mweusi chini, mbichi juu.

"Maji niliweka kikombe kimoja," alijitetea. "Nimekosea wapi?"

"Moto." Mama akauzima. "Na viatu umeviweka kombo. Cha kushoto kiko kulia."

"Niache bwana. Sijawahi kumwandalia mtu safari."

Mzee alikwaruza sufuria, bila kumtazama. "Mjukuu asijue babu yake amelia. Na siku ukirudi, ukifika kona ya duka la mkate, piga honi. Nitabandika maji."

"Honi nitaitoa wapi, na mimi abiria wa basi?"

"Mwambie dereva akupigie. Mwambie wewe ni mke wa dereva."

Mama Sufuria alichota kijiko cha ule wali, akatafuna, ukalia kama kokoto mdomoni. Akachota kingine.

"Kesho nakufundisha," alisema, "tutaanza na maji."