Sweta Tatu za Kasuku

Nyumba ile haikuwa na siri, na ugonjwa wa Kasuku ulishajadiliwa na kila aliyeleta kitambaa kishonwe. Bibi yake, fundi cherehani, aliwasikiliza wateja wote kisha akakata shauri: daktari mwenyewe kasema ni baridi yabisi, basi adui ni baridi. Tangu siku hiyo mjukuu wake wa miaka minane akawa anavishwa sweta tatu, jua liwake lisiwake.

Ndiyo maana kliniki ilipompa Kasuku nafasi kwenye kundi la watoto wanaofanya mazoezi majini, bibi aliitikia kwa mdomo tu. Jumamosi ya kwanza akasingizia mgeni. Ya pili, cherehani ikaharibika. Mama yake Kasuku, ambaye huwa zamu kazini wikendi zote, hakuwa na habari. Kisha muuguzi akapiga simu: wakikosa na ya tatu, nafasi anapewa mtoto mwingine, maana orodha ni ndefu. Simu yenyewe aliipokea Kasuku, na jina hilo hakupewa bure. Haukupita muda mama akajua, nyumba nzima ikajua, na wateja wawili juu yake.

Jumamosi ya tatu bibi akampeleka bwawani, ila alikwenda kwa shari. Alimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mcheshi aliyelowa hadi kiunoni, akamweleza bila kumung'unya maneno kwamba mgonjwa wa baridi hatiwi majini. Mtaalamu hakubishana.

"Bibi, wenye kifua kikuu umewahi kuwaona?"

"Nimewaona sana."

"Vifua vyao vikubwa?"

Benchi zima la wazazi likaangua kicheko.

"Jina tu hilo, mama yangu. Baridi haikuuleta ugonjwa huu. Kinga ya mwili wake imekosea njia, inavishambulia viungo vyake yenyewe. Asipovichezesha, vitakakamaa."

Akamshika bibi mkono, akautumbukiza bwawani. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Bibi hakuutoa mkono upesi.

Kasuku alikuwa ameshavua sweta ya pili; akaivua na ya tatu, akaingia. Mle majini, magoti yaliyokuwa yakigoma kila asubuhi hadi abebwe kwenda msalani yalianza kukunjuka, pole pole, huku mdomo wake haupumziki. Bibi alimtazama akirusha mateke, kisha akauliza, fundi kwa fundi, afanyiwe nini nyumbani akiamka. Na vifungo vya shati la shule, vinavyomtoa machozi kwa vidole kuuma, je, aving'oe aweke vya kubandika? Mtaalamu akasema wazo hilo analiiba, awape na wazazi wengine. Bibi kichwa kikamvimba. Akaanza kuwapima kwa macho watoto wa benchi zima, mabega na mikono, kama waliokuja kushonesha.

Walipofika mlangoni Kasuku akakumbuka sweta zake.

"Ziache hapo," bibi akasema, akimshika mkono. "Atavaa mwenye baridi."