Vituta Kwenye Meza ya Usalama

Kifurushi kilikuwa mezani. Florentine hakukiona, lakini alikisikia: kila mara Damien, karani wa usalama, alipokigonga na kalamu yake, kilijibu kwa sauti nzito ya makaratasi magumu, yale ya braye, maandishi ya vituta ambayo kipofu anayasoma na vidole. Alikuwa amekingoja tangu mvua za kwanza. Sasa kilikuwa mbali naye mukono mumoja tu, na ule mukono ulikuwa wa serikali.

Macho yake yalizimwa na surua akiwa mutoto. Kichwa hakikuzimika. Alipata lisansi, digrii ya Kifaransa, akafundisha Kalemie, na bado akataka kupanda juu zaidi, asome mambo ya lugha mpaka mwisho wa ngazi. Chuo kimoja cha inchini kilimujibu aje mwenyewe, tena alete muntu wa kumusomea vitabu. Muntu gani? Mama yake, Mama Virginie, alijua kusoma ndagala tu, vile visamaki vya ziwa, na hao aliwasoma kwa pua. Chuo cha pili kilimusifu sana kwa uhodari wake, na sifa ikaishia hapo. Cha tatu, kule Ulaya, kikasema: baki kwenu, masomo yatakufuata kwa posta, mengine kwenye kaseti, mengine kwa vituta. Ila kwanza ajibu maswali ya kuingilia, na majibu yapande ndege ya Jumamosi. Yakichelewa, basi. Muzee aliyekuwa anapiga vile vituta huko Ulaya alikuwa anaenda pansheni, na hakuna aliyejua kama atapata murithi.

Leo ilikuwa Alhamisi, na maswali yalikuwa chini ya kalamu ya Damien.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita ya Moba, waasi walipovuka ziwa, wakati ambapo hata kuku wa Kalemie walikuwa wanalia kwa adabu. Kifurushi kutoka ng'ambo, hakina wino, kina matundu-matundu tu: muntu wa posta alikipeleka biro, ofisi ya usalama, mbiombio kama amebeba nyoka kwenye kikapu.

“Citoyenne Kalenga,” Damien akasema, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye mabiro na kila muntu aliitwa mwananchi kwa Kifaransa, “hii ni code ya siri ya nani?”

Damien naye siku hizo alikuwa citoyen Kisimba. Lakini Florentine alimujua tangu katekisimu, alipokuwa Damien mwenye kamasi, anakula mishumaa ya altare.

“Ni maswali ya shule. Nipe nikusomee.”

Akapewa karatasi. Akasoma swali la kwanza kwa Kifaransa, polepole, vidole vinatembea.

“Umeshika kwa kichwa,” Damien akasema. “Hata mimi nilishika misa nzima ya Kilatini, na sikujua ninamuambia Mungu nini.”

Akawaza, kiti kikilia chini yake. Halafu akapata akili, na akili ya Damien ilikuwa kitu cha kuogopwa kwa sababu haikutoka nyumbani kila siku. Atamuambia Florentine neno moja kwa siri, aliandike kwa vituta vyake. Kisha ataitwa kipofu mwingine alisome. Yakifanana, kifurushi kiende. Yasipofanana, kifurushi kichomwe na mwenyewe alale ndani.

Kipofu mwingine aliyejua braye kwenye muji muzima alikuwa mumoja tu: Onésime, wa telefone ya gare, stesheni ya treni. Miaka miwili nyuma Onésime alimuandikia barua ya kumutaka, vituta ukurasa muzima. Florentine akamurudishia ile barua na makosa yake yote yamesahihishwa. Tangu siku ile hawakusalimiana.

Damien akatuma muntu gare. Akafunga mulango, Mama Virginie, aliyemusindikiza, akabaki nje na kikapu chake cha vitunguu, kisha akainama karibu na sikio la Florentine na kumunong'oneza.

Florentine akasita. “Niandike hivyo?”

“Hivyo hivyo. Labda ninyi mulikuwa mumekwisha kupatana neno, ‘Mungu ni mwema’ ao ‘Chama kidumu’. Hili hamuwezi kulipata hata mukiota.”

Akatoa kibao chake na kale kamusumari, akatoboa: *Mukubwa wangu anakoroma kwenye mukutano wa chama.*

Fimbo ya Onésime ikasikika kwenye koridori. Lakini nyuma yake vikaja viatu vizito, na pumzi ya muntu munene, na harufu ya tumbako. Kiti cha Damien kikaruka. Mukubwa mwenyewe, ambaye alipaswa kuwa kwenye komite mpaka jioni, alikuwa amesikia kwamba kuna kipofu anasomesha kipofu, na akakuja kutazama.

“Ni kamambo kadogo, Mukubwa,” Damien akasema, sauti imekuwa nyembamba. “Tumekwisha kumaliza.”

“Nimekaa,” Mukubwa akasema. “Asome.”

Florentine akakaza mikono kwenye magoti. Onésime akisoma kweli, tusi liko wazi, na mukono ulioliandika ni wa nani? Akisoma uongo na Damien akikana, vituta ni vya wapelelezi. Hakuweza kukohoa. Hakuweza hata kumukanyaga kidole cha muguu, hakujua muguu wake uko wapi. Alisikia kidole cha Onésime kinapita kwenye karatasi, kinafika mwisho, kinarudi mwanzo. Kinapita tena. Lakini aliijua kasi yake: kwa neno fupi namna ile, alikuwa amesoma zamani. Alikuwa anakaa tu juu ya lile neno.

“Eh, imekushinda?” Mukubwa akauliza.

“Hapana, Mukubwa. Ninataka kulisema sawa.” Onésime akakohoa. “Imeandikwa: *Mukubwa wangu anafunga macho kwenye mukutano wa chama, ili awaze vizuri mambo ya inchi.*”

Nzi mumoja akazunguka chumba chote bila haraka.

“Kisimba. Njo vile ulimuambia aandike?”

“Njo vile, Mukubwa.” Viatu vya Damien vikagongana. “Neno kwa neno.”

Mukubwa akacheka chini kwa chini, kicheko cha muntu ambaye hatimaye ameeleweka. Akaomba ile karatasi, akataka ibandikwe ukutani nyuma ya kiti chake. Kifurushi, akasema, kiachwe mpaka Jumatatu kwa ajili ya muhuri.

“Muhuri ninao hapa,” Damien akadakia, na akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Akakibeba kifurushi yeye mwenyewe mpaka barabarani, akakiweka mikononi mwa Florentine, na kurudi bila kuaga.

Florentine akamushukuru Onésime. Ilimutoka kwa taabu.

“Si kwa ajili yako,” Onésime akasema. “Huyu Damien kila siku anasikiliza kwenye laini yangu. Kuanzia leo ataomba ruhusa.” Akapiga hatua, akasimama. “Na wakikukubali?”

“Nitaomba wakupigie vituta nawe, kabla yule muzee hajaenda.”

Fimbo ya Onésime ikaelekea gare, polepole kidogo kuliko ilivyokuja.

Mama Virginie akamushika Florentine kiwiko, waende nyumbani, jua kali. Florentine akakataa. Akakaa pale pale kwenye ngazi za biro, akafungua kamba, akatafuta swali la kwanza, na kidole chake kikaanza kutembea.

“Wanasema nini?” mama yake akauliza.

“Mama, usinisemeshe mpaka Jumamosi.”