Mkutano Ambao Haukufungwa

Hoteli zina tabia, kama watu. Ndivyo Mama Ratiba alivyomfundisha mtoto wa kaka yake tangu binti huyo alipomaliza chuo na kuja kwake na cheti mkononi, hajui hata ukumbi wa mkutano una tofauti gani na ukumbi wa harusi. Mama Ratiba alikuwa mwandaaji wa mikutano, na mjini hapa hapakuwa na hoteli ambayo hakuwa ameisoma mpaka jikoni. Kuna hoteli ya kujipendekeza, alisema, inakuchekea mlangoni halafu maji ya kunywa huyaoni mpaka ugombe. Kuna hoteli yenye kinyongo, ukiilalamikia asubuhi, mchana kipaza sauti kinakoroma. Ile mpya ya vioo karibu na benki haina moyo bado, ni kama kijana aliyevaa suti ya kuazima. Na kuna ile kongwe ya katikati ya mji, yenye ngazi pana na mazulia mekundu yaliyofifia.

"Ile inapenda watu," alisema Mama Ratiba. "Inapenda kupita kiasi. Ukifungua mkutano mle, mwanangu, hakikisha umeufunga."

Mwenyewe alikuwa na namna yake ya kufunga. Mwenyekiti akishasema maneno yake ya mwisho na watu wakishapiga makofi, aliwasindikiza washiriki mpaka garini, akahakikisha kila mtu amepanda, kisha akarudi ukumbini peke yake. Alisimama mlangoni akasema, "Asanteni, tumemaliza." Ndipo akazima taa. Wahudumu walimtania kwamba anaagana na viti. Alicheka nao, lakini hakuacha.

Mara moja tu hakufanya hivyo. Ilikuwa mwaka juzi, katika hoteli hiyo hiyo kongwe, ukumbi wa ghorofa ya juu. Mwenyekiti, mzee mpole wa sauti ya chini, alikuwa katikati ya sentensi aliposhika kifua na kuanguka. Mama Ratiba alipanda naye gari la wagonjwa, akamshika mkono njia nzima, na hospitalini mzee akakata roho. Washiriki walitawanyika, kila mtu na njia yake. Gari la kuwarudisha makwao liliondoka tupu. Hakuna aliyekumbuka kufunga chochote, na nani angeweza kumlaumu mtu siku kama ile?

Tangu hapo Mama Ratiba akaanza kuondoka. Mwili ulibaki sebuleni kwa kaka yake, kwenye kiti cha dirishani, ila mwenyewe hakuwepo. Aliwaitikia kwa kichwa watu wasioonekana. Aliinua kidole kuomba nafasi ya kusema, akasubiri, akakishusha. Ukimletea chakula alinong'ona, "Bado, hatujafika mapumziko." Madaktari walisema ni akili ya uzeeni, ingawa uzee wenyewe ulikuwa haujamfikia.

Mpwa wake, ambaye mahotelini walishaanza kumwita Ratiba Ndogo, alirithi simu, wateja na funguo. Kila jioni alimpaka shangazi yake mafuta ya mnanaa mikononi, yale aliyoyapenda, huku akimhadithia vituko vya hoteli fulani na fulani. Baba yake alimwambia, "Unajichosha, binti yangu. Hasikii." Yeye aliendelea. Aliamini tu kwamba iko siku shangazi angegeuza shingo amjibu, na imani hiyo aliishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

Sasa ilitokea kwamba walimu walitaka ukumbi kwa mkutano wao wa mwaka, na kila hoteli ilikuwa imejaa. Ikabaki ile kongwe.

"Ratiba Ndogo!" Msimamizi wa kumbi alimpokea kwa mikono miwili. "Leo umetukumbuka? Nilidhani umeshaolewa na ile hoteli ya vioo."

"Haijanitolea posa. Kaka, nataka ukumbi wa kutwa nzima."

"Chini kote kumejaa." Akajikuna kisogo. "Labda juu."

"Juu si kuzuri tu?"

"Kuzuri, ndiyo. Ila watu wakikodi mara moja hawarudi. Siyo kwamba wanapotea, usinitolee macho! Wanalalamikia joto. Kiyoyozi tumebadilisha, joto liko pale pale. Na mfagiaji wangu anasema kila akiingia mle anajikuta anaomba radhi."

"Anamwomba nani?"

"Kamwulize yeye. Mimi hapa nina mambo yangu." Akamkabidhi ufunguo. Kupanda naye hakupanda.

Ulikuwa mchana mweupe. Mapazia yalikuwa wazi na jua limelala juu ya safu za viti vitupu, meza ya mbele ina kitambaa safi, bilauri zimefunikwa. Hapakuwa na kitu cha kumtisha mtu. Lakini alipoingia, Ratiba Ndogo aliinamisha kichwa, akatembea kwa ncha za vidole, na kabla hajajua anafanya nini, mdomo wake ukasema, "Samahani."

Alisimama. Hivyo ndivyo anavyoingia mtu aliyechelewa mkutanoni.

Shangazi alimfundisha jinsi ya kukagua ukumbi: funga mlango, kaa kiti cha nyuma, nyamaza, uache ukumbi ukuzoee. Akafunga mlango. Akakaa. Hewa ilikuwa vuguvugu na nzito, kama imeshapumuliwa na watu wengi. Mahali fulani kushoto karatasi iligeuzwa. Mtu alikohoa kwa adabu, kikohozi cha kuficha mdomo. Halafu kimya kikarudi, na kimya hicho ndicho kilichomtia baridi mgongoni, maana hakikuwa cha chumba kitupu. Kilikuwa cha watu wanaongoja mwenzao amalizie.

Kisha akasikia harufu ya mnanaa.

Ilitoka kiti cha jirani. Alinyoosha mkono polepole, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kiti kile. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Au hajainuka.

Alitoa simu akampigia baba yake.

"Baba, shangazi yuko wapi?"

"Atakuwa wapi tena? Yuko kitini kwake. Kwani vipi?"

Alitembea mpaka mbele, simu sikioni, akawasha kipaza sauti na kukigonga kwa ukucha. Tok, tok. Mlio ukazunguka ukumbi.

"Ngoja," alisema baba yake. "Amesema kitu."

"Amesema nini?"

"Anasema, 'Tunakusikia, endelea.'" Sauti ya baba ilishuka. "Mwanangu, uko wapi wewe?"

Vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni. Mlango haukuwa mbali, na miguu yake ilishakata shauri la kukimbia. Lakini akikimbia, shangazi yake angebaki na nani humu? Kumbe wakati wote ule walipodhani anaropoka, alikuwa kazini. Alikuwa akingoja mtu wa kumruhusu aende nyumbani.

"Baba, mwekee simu sikioni."

"Kwa nini—"

"Baba, tafadhali."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi. Ratiba Ndogo aliugeukia ukumbi. Akashika ukingo wa meza.

"Ndugu washiriki," alisema, "tumekaa sana. Naomba tufunge mkutano huu."

"Mwenyekiti hajamaliza sentensi yake," alisema Mama Ratiba. Sauti ilitoka kwenye simu, na kidogo kabla yake, ilitoka kwenye kile kiti cha nyuma. "Tumwache amalize."

Basi akaketi. Nini kingine angefanya? Aliacha nafasi katikati ya meza, mahali pa mwenyekiti, akakunja mikono, akatega sikio. Hakusikia neno hata moja. Lakini kimya kilibadilika umbo. Kilipanda, kikatua, kikavuta pumzi. Kwenye simu shangazi yake aliitikia, "Eeh. Ndiyo. Kweli kabisa, mzee." Kwenye safu ya kati mtu alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu aliyetaniwa na anayemheshimu. Bilauri moja mezani ilipata ukungu kwa ndani, ukungu ukakua, ukafifia.

Kisha kikaisha, kama unavyoisha mvumo wa feni, ndipo unapojua kwamba ulikuwepo.

"Sasa," alisema Mama Ratiba. "Natoa hoja tufunge."

"Nani anaunga mkono?"

Mikono ya nguo ilichakarisha ukumbi mzima. Vumbi lililokuwa limelala juani liliinuka kwa pamoja, juu ya kila kiti, likabaki limening'inia.

"Mkutano umefungwa," alisema Ratiba Ndogo, machozi yakimtoka bila kuombwa. Akapiga makofi. Hayakuwa yake peke yake.

Viti vilikwaruza sakafu. Kwenye simu baba yake alikuwa anapiga kelele: "Amesimama! Dada amesimama mwenyewe! Anatafuta mkoba wake. Anauliza gari lao liko wapi!"

Gari. Bila shaka. Mama Ratiba hajawahi kumwacha mshiriki barabarani.

Alishuka ngazi mbio akamwomba msimamizi basi dogo la hoteli. Msimamizi aliuona uso wake, akamwita dereva.

"Tunambeba nani?" aliuliza dereva, mtu mnene mwenye redio isiyozimika.

"Subiri kidogo." Ratiba Ndogo alifungua mlango wa pembeni akasimama kando yake, kama alivyosimama shangazi yake miaka yote.

"Dada, mimi nimebeba harusi, nimebeba misiba, nimebeba mpaka timu iliyofungwa saba bila. Hewa sijawahi kube—"

Basi lilizama upande mmoja. Likanyooka. Likazama tena, na tena, springi zikalia. Dereva alitazama kioo cha ndani kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, akazima redio.

"Wanashukia wapi?" aliuliza kwa sauti ya kanisani.

"Njiani. Simama kila kituo ufungue mlango."

Akarudi juu mara moja. Akasimama mlangoni pa ukumbi, akasema, "Asanteni, tumemaliza," akazima taa. Ndani mlikuwa na ubaridi, ubaridi wa kawaida wa chumba kitupu.

Walisafiri polepole. Kila kituo mlango ulifunguliwa, basi likainuka kidogo. Walipofika nyumbani, Ratiba Ndogo alishuka akanyoosha mkono kama unavyomsaidia mzee kushuka. Kitu chepesi kilimshika, kiganja chenye mafuta, kikamwachia. Harufu ya mnanaa ilitangulia ndani ya nyumba.

Mlangoni alisimama shangazi yake, mkoba begani. Aligeuza shingo, akamtazama. Kumtazama hasa.

"Mkutano gani mrefu namna hii?" alisema. "Na viti vyao vile! Kiuno chote kimekufa."

"Pole, shangazi," alisema binti, akampokea mkoba.

"Dada," dereva aliita kutoka garini, taratibu, bila kugeuka. "Mmoja hajashuka."

Mama Ratiba aliteremka ngazi ya baraza kwa miguu yake, akaenda mpaka dirisha la nyuma, akainama. Alisema jambo ambalo mpwa wake hakulisikia, akagusa kioo kwa vidole. Kisha akamwambia dereva, "Huyu mpitishe pale makaburini, baba. Usiharakishe. Hakupenda mwendo wa kasi."

Basi liliondoka. Mama Ratiba alibaki barabarani akipunga mkono mpaka lilipokata kona, maana yeye ndiye huondoka wa mwisho. Ndipo akamgeukia mpwa wake, akamfuta mashavu kwa ncha ya kanga.

"Haya, niambie. Walimu umewapatia hoteli gani?"