Samaki wa Madame Muderhwa

Mabeseni sita ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, ya mke wangu yalizuiliwa mpakani kwa sababu yalikuwa ya mwanamke mwingine. Mwanamke huyo nilimtengeneza mimi.

Mke wangu anaitwa Nyirahabineza, mzaliwa wa Gikundamvura. Mimi ni Donatien Muderhwa wa Bukavu, nauza matairi Kamembe, upande wa Rwanda. Kwetu Kongo ukioa, watu wanamwita mkeo kwa jina lako, basi. Huku Rwanda kila mtu anabaki na jina lake. Hata mtoto na baba yake majina yanaweza yasifanane. Nilijua. Lakini mke wangu alipojiunga na ushirika wa akina mama wanaovusha samaki, fomu niliijaza mimi, na penye jina nikaandika: Madame Muderhwa. Nilijiona mkubwa.

Ushirika ukampa karatasi ya mzigo yenye jina hilo. Jumanne asubuhi afisa aliilinganisha na kitambulisho chake, akaagiza mabeseni yawekwe kando. Kando kulikuwa na jua. Mke wangu akanipigia simu.

“Kuja useme mimi ni nani.”

Nilifika kwa pikipiki na cheti chetu cha ndoa. Afisa alikisoma mara mbili.

“Papa, hapa umeoa Nyirahabineza.”

“Ndiyo.”

“Na Madame Muderhwa?”

“Ni bibi yangu.”

“Basi uko na bibi wawili. Sheria inakubali mmoja.”

Foleni nzima ilicheka. Maman Bernadette, muuza nyanya, akapaza sauti: “Ongeza wa tatu, Donatien, kila mumoja apate beseni mbili!”

Nilieleza kuwa ni mwanamke mmoja. Afisa akauliza barua ya kubadilisha jina iko wapi. Sikuwa na barua. Nilikuwa na kalamu tu.

Nikamgeukia mke wangu. “Maman Christelle, mwambie basi ni wewe.”

“Baba yangu aliniita Nyirahabineza. Ule Madame simujui. Akuje achukue samaki yake.”

“Inaoza!”

“Yake ndiyo inaoza. Mimi nataka yangu.”

Inzi walikuwa wameshafika. Afisa alisema ushirika utoe karatasi nyingine, na aliyejaza fomu akane kwa maandishi alichoandika. Nikarudi Kamembe. Katibu wa ushirika, Gasaro, alinipa karatasi nyeupe akasimama nyuma yangu nikiandika: Mimi, Muderhwa Donatien, sina mke anayeitwa Madame Muderhwa na sijawahi kuwa naye.

“Sasa soma kwa sauti,” akasema. “Wanachama basikie.”

Wanachama walikuwa kumi na wanne. Waliomba nirudie.

Nilifika tena mpakani na karatasi mpya saa nane mchana. Mabeseni mawili yalimwagwa palepale. Matatu alichukua mfuga nguruwe kwa bei aliyotaka yeye. Moja lilivuka kwenda Bukavu, kwa jina la Nyirahabineza. Pikipiki nilipanda mara nne. Kwa siku tano, kabla ya kunipakulia chakula, mke wangu aliniuliza jina langu kamili na kitambulisho. Matairi sikuuza hata moja Jumanne hiyo.