Mji wa Halomvari

Juu ya Litembo, milimani kwa Wamatengo, hakuna mtu aliyewahi kufika Hungaria isipokuwa Tadei. Hata hivyo mwaka ule wa 1974 vikongwe wasiotoka nje ya mlima wao waliujua mji wa Halomvari kama wanavyoujua mlima wa jirani.

Kazi hiyo aliifanya mwalimu Hilaria. Alikuwa msichana mpole, sauti yake ndogo hata wanafunzi wa nyuma walizoea kuinamia mbele wamsikie. Tadei alikuwa mchumba wake. Posa ilikwishapokelewa, na ndoa ilingoja mavuno. Serikali ilikuwa imempeleka Tadei kusomea ushirika katika nchi hiyo ya mbali, na aliporudi akapewa kazi ofisini Mbinga. Kila Jumapili baada ya misa alimsindikiza Hilaria njia nzima ya kupanda nyumbani, akimsimulia mji alioishi. Jumatatu Hilaria aliugeuza kuwa somo la darasa la sita.

Watoto waliuchora mji ule uwanjani. Mto waliuchora kwa majivu, vilima kwa udongo, na kanisa la minara miwili kwa magunzi ya mahindi. Walijifunza kwamba Waturuki waliuchoma moto zamani, na wenyeji wakajificha kwenye mapango yaliyochimbwa kilimani kwa ajili ya kuhifadhi divai.

"Kama babu zetu Wangoni walipowajia," alisema Mjomba Othmar, kaka wa mama yake Hilaria, aliposimuliwa na wanawe. "Hao ni Wamatengo waliopotea njia!"

Habari zikapanda na kushuka mlima. Walisikia kuwa kila kilima cha Halomvari kina jina lake na ukoo wake, na mizabibu imepandwa juu mpaka chini. Wazee wakaelewa mara moja: hiyo ni ntambo. Kwao ntambo ni mgongo mzima wa mlima kati ya vijito viwili, na ukoo mmoja huulima tangu mababu. Mama yake Hilaria, Mama Notburga, akawa anawaombea watu wa Halomvari wakati wa theluji, maana alishangaa wanalima nini.

Jambo moja tu Hilaria hakulifundisha. Tadei alimwambia siku waliyokaa kwenye mawe ya kijito, akaanza kulia kabla hajamaliza. Lilimhusu Mzee Ferenci, mwenye nyumba aliyempangisha, ambaye mlimani walimjua kwa jina tu.

"Hili sijamwambia mtu," alisema Tadei.

"Na mimi sitamwambia mtu," alijibu Hilaria. Alijiona amepewa kitu kikubwa kuliko posa.

Maharage yalipoanza kutoa maua, Landrova ilifika na mgeni kutoka mkoani, Tadei akiwa naye. Mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa shule. Mgeni alisema kwa ufupi: kaya zote za mlimani zishuke kando ya barabara, zijenge pamoja, zilime pamoja kwenye tambarare kwa trekta.

"Na ngolo zetu?" aliuliza Mama Notburga. Ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo. Wanaume hukata nyasi na kuzilaza miraba miraba mlimani, wanawake hufukia na kuchimba katikati, na mvua ikija maji hukaa shimoni badala ya kuzoa udongo.

"Mama, mashimo hayo mtayaacha."

"Tukiyaacha msimu mmoja, mlima wote utakuwa kijitoni."

Watu wakaguna. Mgeni akafuta jasho, akamgeukia Tadei. "Ndugu, hawa ni watu wako. Zungumza nao."

Tadei alisimama. Alikuwa amevaa koti alilokuja nalo kutoka Ulaya. Hilaria, aliyekaa na walimu wenzake, aliinamisha macho, maana kumtazama Tadei mbele za watu kulimtia haya.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba!"

"Halomvari mnaifahamu?"

"Tunaifahamu!" waliitika, wengine wakicheka. "Ferenci hajambo?" alipaza sauti Mjomba Othmar.

"Ferenci ndiye nataka kuwaambia. Alikuwa na ntambo yake ya mizabibu, ya babu wa babu yake. Ushirika ulipokuja, yeye alikuwa wa kwanza kuitoa. Aliitoa kwa nyimbo! Mji mzima ulishuka siku hiyo ukicheza. Leo ana umeme, ana redio, hana wasiwasi. Aliniambia kwa kinywa chake, kama angejua angeitoa mapema."

Hilaria aliinua macho.

"Msidhani natunga," Tadei akaendelea, akinyoosha mkono upande wa walimu. "Mwalimu Hilaria huyu hapa. Yeye ndiye anayewafundisha watoto wenu mji ule. Habari zote anazo. Ni shahidi wangu."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Notburga naye aligeuka, na usoni mwake hamkuwa na shaka. Alimwuliza bintiye kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie.

"Ni kweli, mwanangu? Maana ukisema ni kweli, mimi nitashuka."

Hilaria alisimama. Tadei alimtazama kwa tabasamu lile lile la njiani Jumapili, kama mtu ambaye ameshajibiwa.

"Si kweli," alisema.

"Hatusikii!" walipiga kelele wa nyuma.

"Amesema si kweli!" alinguruma Mjomba Othmar. "Endelea, mama. Mimi ndiye kipaza sauti."

Basi akaendelea, na mjomba akarudia kila neno. Mzee Ferenci alisimamishwa uani kwake kwenye theluji mpaka akakubali. Mkewe alikufa bila kumsemesha tena. Kila Jumapili mzee hupanda kilimani kupogoa mizabibu ambayo si yake tena, na akikutwa hufukuzwa.

Hakuna aliyecheka. Mgeni alikohoa, akasema mwalimu amechanganya habari, mambo ya Ulaya ni magumu. Lakini Mama Notburga alikuwa ameshasimama, na wanawake wakasimama naye. Wazee wakaomba wavune maharage kwanza ndipo wazungumze. Mgeni alisema watarudi, na kwamba safari hiyo hawatakuja kuzungumza. Kisha akaelekea kwenye gari.

Tadei alimfuata Hilaria mpaka kwenye kona ya darasa.

"Umeniua, Hilaria. Lile nilikupa wewe. Wewe peke yako."

"Najua."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Na wewe ukasimama ukaligeuza mbele ya mama yangu. Mzee yule alikupa chumba, Tadei. Ulimlilia."

"Unadhani nina hiari? Wangesema nini ofisini? Ungekaa kimya tu. Mara moja. Wewe ni mtu wa kukaa kimya, kila mtu anajua."

Hilaria alimwangalia, na polepole akaelewa alichosikia.

"Ndiyo sababu ukanitaja mimi."

Honi ya Landrova ikalia. Tadei alitazama gari, akamtazama mchumba wake, honi ikalia tena. Akaenda. Hakukimbia, lakini alikwenda, na mlango wa nyuma ukafunguliwa kabla hajaufikia.

Njiani mama na binti walipanda, Mjomba Othmar akiwa mbele, kwa mara ya kwanza hana mzaha. Pale kwenye mawe ya kijito Mama Notburga alisimama, akajifanya kufunga kanga vizuri.

"Usilie, mjomba wako ataona."

"Silii, mama."

"Basi ni mimi," alisema Mama Notburga, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikwishamzoea yule kijana."