Alama za Ukutani Ghorofa ya Chini

Siku ya gawio, fundi cherehani alifika saa mbili kamili, akaweka mashine yake karibu na lifti kama kawaida. Kampuni ilikuwa kubwa, ya teknolojia, na kila miezi mitatu ilipowalipa wenye hisa gawio lao, wafanyakazi wa ghorofa ya chini walipungua kimo kwa vidole viwili. Suruali za sare ilibidi zikatwe. Kampuni ilimlipa fundi, na wengi waliuona huo kuwa wema.

Dada mmoja, aliyeitwa Twiga tangu enzi za kuinama mlangoni, alikuwa na mwaka wa nne akiifundisha kompyuta kutofautisha mbwa na mbuzi pichani. Siku hizi alikipanda kiti chake kwa kigoda. Jina lilibaki, watani hawana huruma.

Safari hii msimamizi alileta na fomu: *Nathibitisha kuwa hiki ndicho kimo nilichokuja nacho kazini.* Asiyesaini ananyang'anywa kigoda.

"Saini basi, dada, tumalize," alisema msimamizi, naye amesimama juu ya kreti ya soda.

"Kupungua nimepungua. Kusema nilikuja hivi, sisemi. Mama aliyenishonea suruali ya kwanza yupo hai, kamuulize."

"Utafanya kazi umesimama?"

"Nitasimama."

Kwa mara ya kwanza hakuimeza hasira yake. Aliikataa hata mikasi, suruali yake isikatwe. Akaazima ngazi ya fundi umeme, na fundi cherehani, bila kuombwa, akampa utepe wake wa kupimia. Twiga akapiga mstari ukutani kwa kalamu nene, pale kichwa chake kilipokuwa kikifika zamani, akaandika tarehe aliyoajiriwa. Akashuka. Mwenzake wa meza ya pili akapanda. Hadi saa sita ukuta ulikuwa umejaa mistari.

Gawio lililofuata lilivunja rekodi. Watu wakapungua vidole vitatu, na amri ikaja kwamba ukuta usafishwe. Mfanya usafi aliinua kitambaa, hakufika. Msimamizi akapanda kreti mbili, hakufika. Ngazi, fundi umeme alisema, imepotea.

Wenye hisa wangeufikia bila hata kunyoosha mkono. Huko juu milango yao ilikuwa ikiongezwa urefu kwa mara nyingine. Lakini wao hawajawahi kushuka ghorofa ya chini, na Twiga, akiburuta suruali yake isiyokatwa, alikuwa ameshasimama mezani pake, bila kigoda, akitazama mbuzi pichani.