Mayai ya Darasa la Pili

Simu ya mwalimu ilipoingia, Fundi alikuwa bado na uhakika kwamba programu yake haina kasoro hata moja.

Jina la Fundi alipachikwa nyumbani tangu utotoni, kwa sababu hakuna redio wala saa ya ukutani iliyopita mikononi mwake ikabaki na skrubu zake zote. Alipokua, alifanya kazi ya kutengeneza programu za kufundishia, yeye na mdogo wake wa kiume, mchoraji. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme: meza mbili, feni yenye kelele, na kabati lililojaa tableti za majaribio. Dada aliandika msimbo, mdogo mtu alichora, na wakikosana, waligeuziana migongo wakaendelea na kazi.

Programu yenyewe ilikuwa ya hesabu. Mtoto akijumlisha vizuri, kuku anaingia kwenye skrini, anataga yai, anaondoka zake. Mtoto anaburuta yai hadi kwenye kiota, kisha anapewa hesabu nyingine. Walikuwa wameipeleka kwenye shule moja, ndani ya tableti zao, ijaribiwe, na majaribio yakienda salama, wangeipandisha kwenye duka la programu ili shule yoyote iweze kuichukua.

"Tableti zenu zinakufa," mwalimu alisema bila hata salamu. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mama mwenye sauti ya kufika hadi ukuta wa nyuma. "Asubuhi zina chaji tele. Tukirudi kutoka mapumziko, zimezima. Na zinachemka kama pasi."

"Zote, mwalimu?"

"Zote za kwangu. Za darasa la tatu ni nzima kabisa."

Fundi akakuna kichwa. Darasa la tatu lilikuwa na programu ileile, isipokuwa namba zake zilikuwa kubwa zaidi. Akaupitia msimbo mstari kwa mstari. Akamwacha kuku wa ofisini atage asubuhi hadi jioni, na betri ikashuka kidogo tu, kistaarabu. Akampigia mwalimu akamwomba abadilishe: tableti za darasa la pili ziende la tatu, na za la tatu zije la pili.

Jibu lilikuja kesho yake. Tableti zilizokuwa zikifa, sasa zilikuwa nzima. Zilizokuwa nzima, sasa zilikuwa zinakufa.

"Unaona?" Fundi alimwambia mdogo wake. "Ugonjwa hauko kwenye tableti. Uko darasani."

"Basi waite daktari," mchoraji akasema, bila kuinua macho.

Fundi akachukua mkoba wake akaenda shuleni.

Alipewa benchi la nyuma, fupi kiasi kwamba magoti yalimfika kifuani. Watoto walimgeukia, wakamkagua kuanzia viatu hadi nywele, wakaridhika, wakamsahau. Somo likaenda vizuri. Vidole viliburuta mayai, midomo ikahesabu chini chini. Fundi alikuwa akichungulia kiwango cha chaji kwenye tableti ya jirani yake, na hakuona cha kumshtua. Kitu kimoja tu kilimfanya ajiulize. Siku hiyo kulikuwa na joto la kutoa jasho, madirisha yote wazi, lakini karibu kila mtoto alikuwa na sweta, ama begani ama mapajani. Hakuna hata mmoja aliyelivaa.

Kengele ikalia. "Tableti kwenye sanduku!" mwalimu akaamuru, akatoka na chaki zake kwenda ofisi ya walimu. Watoto wakamiminika nje. Fundi alibaki benchini, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Wawili hawakutoka. Walichuchumaa kando ya sanduku kubwa la mbao. Akasogea, akachungulia juu ya vichwa vyao.

Tableti zilikuwa zimefungwa kwenye masweta, moja moja, kwa ustadi wa mama anayemfunika mtoto mchanga. Kila sweta liliachiwa tundu dogo. Wale wawili walikuwa wakipita na kidole, tundu hadi tundu, wakigusa kioo ili kisizimike.

"Mnafanya nini?"

"Shii!" alisema mmoja, msichana mwembamba asiyetulia, ambaye wenzake walimwita Kiroboto. "Tunaatamia."

Fundi akakaa chini sakafuni.

"Mnaatamia nini?"

"Si mayai!" Kiroboto alishangaa kuulizwa. "Kuku wa humu anataga halafu anaondoka. Hageuki hata kuyaangalia. Sasa nani atayaatamia?"

"Na kwa nini hamzimi?"

"Ikizimwa inapoa," alijibu mwenzake, mvulana aliyekuwa na pengo mbele. "Tulijaribu. Ikiwaka ndani ya sweta, inapata joto. Gusa."

Fundi akagusa. Kweli, ilikuwa moto.

"Leo ni zamu yetu," Kiroboto aliendelea. "Kesho ni wale wa dirishani. Darasa la tatu wanatucheka. Wanasema ni picha tu."

"Na nyinyi mnasemaje?"

Kiroboto alifikiri. Hata kidole chake kilisimama hewani.

"Hatujui bado," alisema.

Mlangoni mwalimu alikuwa amerudi, amesimama na kikombe chake, mkono mmoja mdomoni. "Na mimi juma zima nawagombeza kwa kutupa masweta!" alisema baadaye walipokuwa uani, akifuta machozi ya kicheko. Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini utawajibu nini? Maana mimi, kusema kweli, sina jibu."

Fundi akachukua mkoba wake. Njia nzima ya kurudi ofisini alikuwa akilitafuta jibu hilo.

"Rahisi," alisema mchoraji baada ya kucheka hadi akashika mbavu. "Tumwondoe kuku, tuweke vifuniko vya chupa. Hakuna mtoto atakayeatamia kifuniko cha chupa."

"Hawakuwa wanacheza," Fundi alisema. "Waliona kitu hakijakamilika, wakajiuliza kwa nini, wakabuni njia, wakapangiana zamu. Sisi ndio tulitaga yai tukaondoka."

"Dada, hii ni programu ya kujumlisha."

"Najua ni ya nini. Nimeiandika mimi."

Wakageuziana migongo. Kisha mchoraji akasema, akiwa bado ameelekea ukutani, "Unajua kifaranga mmoja ana michoro mingapi? Yai linatikisika. Linapata ufa. Mdomo unachungulia. Anatoka amelowa, anaanguka kifudifudi, anasimama. Halafu akaukie wapi hayo manyoya?"

"Kwa hiyo umeshaanza kumfikiria."

"Nalalamika tu," alisema, na penseli ilikuwa tayari mkononi.

Wakampigia mwalimu kumweleza wazo lao: mayai yaanguliwe tableti ikizimwa, ili betri ipumzike. Mwalimu akakataa katakata.

"Msiwadanganye watoto wangu. Giza haliangui yai. Joto la kuku ndilo linaloangua. Hao wamegundua wenyewe kuhusu joto, halafu nyinyi mwende kuwavurugia?"

"Basi kuku arudi," Fundi akasema. "Aatamie mwenyewe. Wao kazi yao iwe kumwachia nafasi."

"Hapo sawa. Kuku akisumbuliwa huinuka akaacha mayai, hilo ni la kweli. Na mkiweka siku chache, mimi nitawaambia wazi kwamba kuku wa nyumbani huchukua kama wiki tatu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika toleo jipya. Kuku alitaga, akazunguka kiota, akajipweteka juu ya mayai, manyoya yote yakavimba. Ukimgusagusa alifumbua jicho moja akakutazama vibaya. Jicho hilo mchoraji alilirudia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tableti ikizimwa, programu ilihifadhi tarehe, na siku chache baadaye, mtoto akifungua tena, mayai yalikuwa tayari.

Siku ya kuangua, ndugu wote wawili walikwenda shuleni. Mchoraji alisema anakwenda kwa ajili ya kubeba mkoba tu, lakini alikuwa amevaa shati la pasi.

"Fungueni," mwalimu alisema.

Darasa lilitulia kama halina mtu. Yai la kwanza likatikisika kwenye dawati la mbele, ufa ukajichora, na kifaranga aliyelowa akaanguka kifudifudi. Darasa zima likaangua kicheko. Halafu dawati la pili, la tatu, kila kona ikawa ni kelele: "Wangu katoka!" "Wangu ni wawili!" "Mwalimu, huyu hataki kusimama!" Mchoraji alikuwa amesimama kando ya ubao akiwatazama watoto, si vifaranga.

Kiroboto peke yake hakupiga kelele. Alikuwa ameinamia tableti yake, pua karibu iguse kioo. Kuku alikuwa juu ya mayai. Hakuna kilichotikisika.

Fundi akaenda upesi, akapiga magoti kando ya dawati. "Nipe nikutengenezee, mama. Nitakuangulia sasa hivi."

"Hapana," Kiroboto akaiwekea mikono tableti. Hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ukiangua wewe, sitajua kwa nini yamekataa."

Fundi akarudisha mkono. Alikuwa amewahi kujiambia maneno kama hayo, utotoni, mbele ya redio iliyofumuliwa. Akavuta kigoda.

"Haya. Tuanzie wapi?"

"Joto sawa," Kiroboto alisema. "Kuku yupo. Sikumsumbua, hata waulize. Siku zimepita."

"Zimepita kwetu. Kwa tableti zimepita?"

Wakatazamana. Fundi akamwonyesha mahali pa kufungua saa na tarehe. Kiroboto akasoma namba za mwaka kwa sauti, moja baada ya nyingine, akarudia tena. Ulikuwa mwaka wa zamani sana.

Hapo Fundi akaelewa. Tableti ile iliatamiwa kuliko zote. Betri yake ilikwisha tena na tena mpaka saa ya ndani ikasimama, na ilipowashwa upya leo ikaanza na tarehe ya kiwandani. Darasani hakukuwa na mtandao wa kuirekebisha. Yeye, pamoja na ujanja wake wote, hakuwa amefikiria kwamba mtoto anaweza kulipenda yai hadi aisimamishe saa. Akamweleza Kiroboto hivyo hivyo, taratibu, bila kupunguza kitu.

"Kwa hiyo kuku wangu hajafika leo," Kiroboto alisema.

"Bado yuko nyuma huko."

"Anatungoja?"

"Hajui kama tupo."

Kiroboto akaomba aibadilishe tarehe mwenyewe. Alisogeza mwaka mbele kwa kidole, mmoja mmoja, akitaja kila mmoja kama anayeita majina ya wanafunzi. Alipofika kwenye mwaka wa leo akaweka na mwezi na siku, akabonyeza. Akarudi kwa kuku. Yai likatikisika.

Wenzake walikuwa wamejazana nyuma yake, wengine juu ya madawati. Vifaranga wakatoka watatu kwa mpigo, na shangwe iliyopigwa ilimtoa mwalimu wa darasa la tatu mlangoni mwake. Lakini Kiroboto alikuwa ameshahamia kwenye jambo lingine. Akainua uso.

"Mwaka ule wa kwenye saa, mimi nilikuwa wapi?"

Mvulana mwenye pengo akasema alikuwa mtoto mchanga. Mwingine akasema hapana, hakuwa amezaliwa. Ubishi ukawaka. Mwalimu hakuunyamazisha. Aliandika ubaoni mwaka wa leo, chini yake umri wa Kiroboto, akachora mstari. "Toeni," alisema, na watoto ambao juma lililopita walikuwa wakinung'unikia kutoa, waligombania chaki. Ikaonekana Kiroboto hakuwepo. Kisha kila mmoja akataka kujua kuhusu yeye mwenyewe, halafu kuhusu mwalimu, ambaye alikuwepo tangu zamani kiasi cha kuwatoa macho.

"Na kabla sijawepo," Kiroboto aliuliza, "kwani nilikuwa wapi?"

"Hilo," mwalimu akasema, akipangusa vumbi la chaki, "kamuulize mama yako." Na mchoraji akalazimika kutoka nje kwenda kuchekea uani.

Fundi alibadilisha kanuni ya kuangua. Sasa kuku hakutegemea saa. Alihesabu ni mara ngapi tableti imefungwa na kufunguliwa kwa masomo mapya. Kuhusu saa, aliongeza ujumbe mfupi: tarehe ikionekana ya ajabu, mtoto anaambiwa amwite mwalimu waikague pamoja. Walijaribu kila walichoweza kukifikiria, kisha wakampa mwalimu awaulize watoto ni kipi hawakukifikiria. Watoto walitaja vitu vingi kuliko walivyotarajia, kimojawapo kikiwa ni jogoo.

Wakaipeleka kwenye duka la programu asubuhi moja, feni ikilia, mchoraji akiwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake. Wakaguzi wa duka walichukua siku zao. Jibu lilipokuja, lilikuwa la neno moja: imekubaliwa. Mchoraji alishuka kumwambia mwenye duka la umeme, aliyempongeza sana bila kujua ni kwa lipi.

Kabla ya wiki kuisha, ujumbe wa kwanza ukaingia kutoka kwa mwalimu wasiyemjua, wa shule wasiyowahi kuisikia. Aliandika kwamba watoto wake wanamaliza hesabu zao mapema mno, kisha wanakaa wakiwatazama vifaranga, na sasa wanamuuliza vifaranga hao wanakula nini.

Fundi aliusoma kwa sauti. Mdogo wake aliguna, akalalamika kwamba sasa watataka na mtama, na mtama una punje, na kila punje lazima ichorwe. Kisha akavuta kiti chake akasogea kwenye meza ya dada yake.

"Waulize," alisema, "wao wanadhani vifaranga wanakula nini?"